Homa imeisha ila mwili haujarudi: mwongozo kamili kwa mwanachuo

Nikiwa mwaka wa pili nilipata mafua makali, homa siku tano, mwili unauma mpaka ngozi ya kichwa, siku ya sita homa ikakata nikaoga nikarudi lekcha kama kawaida. Wiki ya tatu, Jumamosi, nikaamua kufua nguo zote zilizolundikana, nikapandisha ndoo mbili za maji mpaka ghorofa ya tatu, nikafua, nikaanika, jioni nikaenda na diskasheni kabisa. Siku ile nilikuwa freshi. Jumapili nayo haikuwa mbaya. Jumatatu asubuhi nikainua mkono nichane nywele, mkono ukawa unashuka wenyewe, nikakaa kitandani nimeshika kitana naangalia ukuta, naogopa. Sikuhusisha kabisa na ndoo za Jumamosi, nani angehusisha? Nikalala siku tatu, nikapata nafuu, nikaenda kukimbia ili "nirudishe mwili", siku mbili baadaye chini tena. Nimezunguka kwenye duara hilo miezi minne nzima kabla sijaelewa kwamba mwili ulikuwa unanidai, ila bili inachelewa kuja.

Kwa hiyo we unayesoma hii, uliumwa mafua, korona, homa ya mono, dengi, chikungunya au kirusi chochote, homa imeondoka na watu wanakwambia mbona umepona, lakini we mwenyewe unajijua hujapona, kaa hapa tuende polepole. Jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine yote: usijipime kwa unavyojisikia leo, jipime kwa utakavyoamka keshokutwa. Mi sio daktari, nimeugua hili na nimekaa na wanachuo wengi wenye hali hii tangu hapo, na ninachokiona kila mara ni mtu mwenye bidii anajiumiza kwa bidii yake ileile.

Hatua ya 1: Kubali kwamba hiki kitu kipo

Naanza hapa kwa sababu wengi wanapoteza miezi ya kwanza wakibishana na nafsi zao. "Labda mi mvivu." "Labda ni stress za mitihani." Hapana, hebu sikia hii. Chuo kikuu cha Northwestern kule Marekani, wanafunzi 4,501 walipimwa wakiwa wazima, wakafuatiliwa, 238 kati yao wakaja kuugua mono, ile homa ya kirusi cha Epstein-Barr inayovimbisha tezi za shingo na koo. Baada ya miezi 6, wanafunzi 55, yaani asilimia 23, walikuwa bado wana uchovu mkubwa unaofikia vigezo vya ugonjwa ambao madaktari wanauandika ME/CFS, yaani uchovu wa muda mrefu unaozidi kila ukijituma. Karibu mmoja kati ya wanne, na hawa ni vijana waliokuwa wazima wa afya.

Kwenye korona nako ni hivyohivyo. Chuo kikuu cha George Washington waliangalia watu wao 1,338 waliougua kati ya Julai 2021 na Machi 2022, wengi wakiwa vijana, na asilimia 36 walisema walibaki na dalili baada ya ugonjwa wenyewe kupita. Na zamani kidogo kabla ya korona, kwenye mji wa Dubbo kule Australia, watu 253 walifuatiliwa baada ya maambukizi matatu tofauti kabisa, asilimia 12 wakawa bado wamelegea baada ya miezi 6. Utafiti huo ulitoka 2006, na kilichotabiri nani atabaki mgonjwa ni ukali wa ugonjwa mwanzoni, sio hali ya akili ya mtu wala umri wake. Soma sentensi hiyo tena kama kuna mtu nyumbani anakwambia unajiendekeza.

Sasa na muda, maana sio kila uchovu ni janga. Mafua makali yanaweza kukuacha umelegea wiki mbili mpaka tatu, kikohozi kikavu kinaweza kwenda mpaka wiki nane, hiyo bado ni kawaida, ila kikivuka wiki mbili kipimwe kama nitakavyosema Hatua ya 5. Mono inachukua wiki kadhaa. Ukivuka wiki nne na hakuna kinachosogea, anza kufuata huu mwongozo na nenda kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani lilipotoa maelezo yake ya korona ya muda mrefu Oktoba 2021 lilisema dalili zinaonekana kama miezi 3 tangu kuugua, zimekaa angalau miezi 2, na hazielezeki na ugonjwa mwingine. ME/CFS yenyewe kwa kawaida inatajwa baada ya miezi 6. Ila usisubiri hiyo miezi ndio uanze kujitunza, kujitunza kunaanza leo.

Hatua ya 2: Ondoa kwanza yale ya hatari

Hapa sina maneno mengi. Ukiwa na mojawapo ya haya usiendelee kusoma, nenda hospitali leo: kifua kinauma au kinabana, unaishiwa pumzi ukiwa umekaa tu, umezimia, moyo unaenda mbio bila mpangilio, mguu mmoja umevimba na unauma, unakohoa damu, macho yamekuwa ya njano, miguu inaishiwa nguvu na udhaifu unapanda kwenda juu, kichwa kinauma vibaya na shingo imekakamaa. Kama una mono na ghafla tumbo la juu upande wa kushoto linauma sana, au maumivu yanapanda bega la kushoto, hiyo inaweza kuwa bandama, usilale nayo.

Na kama mawazo ya kujiua yamekuja, hata kama yamekuja na kuondoka, mwambie mtu leoleo, uso kwa uso ikiwezekana, na muende wote hospitali au kwa mshauri. Kuumwa kwa miezi bila kuaminiwa kunamsukuma mtu pabaya, na sio udhaifu wa imani wala malezi.

Hatua ya 3: Daftari la wiki mbili

Hii ndio hatua iliyonitoa mimi gizani. Chukua daftari la kawaida, sio lazima programu ya simu, tena bora lisiwe simu kwa sababu skrini yenyewe inachosha. Kila siku mistari minne tu. Asubuhi kabla hujatoka kitandani jipe alama 0 mpaka 10, 0 huwezi kugeuka, 10 ndio wewe wa zamani. Halafu andika usingizi ulikuwaje, sio masaa tu, andika umeamka umepumzika au umeamka kama hujalala. Mchana andika ulichofanya, na hapa uwe mkweli, andika na yale unayodhani hayahesabiki: kusimama foleni dakika 30, kugombana na mpenzi, kukaa darasani kwenye kelele, kuoga maji ya moto. Jioni andika dalili.

Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi: "Jumanne. Asubuhi 6. Lekcha masaa 2, prezentesheni ya grupu nilisimama dakika 15, nikapanda ngazi mara 3. Jioni 6, freshi." Jumatano nikaandika 6. Alhamisi nikaandika "2. Koo linawasha, tezi zimevimba, taa inaniumiza, nimesoma paragrafu moja mara nne." Ukisoma Alhamisi peke yake utasema nimeambukizwa tena. Ukirudi mistari miwili nyuma unamuona mwizi, ni Jumanne.

Huko kuanguka kwa kuchelewa ndio alama kubwa ya hali hii. Mara nyingi kunakuja saa 12 mpaka 48 baada ya kujituma, na kunaweza kukaa siku au wiki. Na kujituma sio misuli tu, akili inatumia chaji ileile, hisia nazo zinatumia chaji ileile. Ndio maana wiki ya mitihani mtu anakuwa imara ajabu halafu ukifunga chuo anaanguka wiki mbili, nyumbani wanashangaa mbona mtoto amekuja likizo kulala tu.

Baada ya wiki mbili kaa chini na kalamu nyekundu, zungushia kila alama ya 3 kushuka chini, halafu rudi siku moja na siku mbili nyuma ya kila duara na upigie mstari ulichofanya. Huhitaji mtu akusomee.

Hatua ya 4: Pima moyo ukisimama

Wengi wanaosema "nachoka" ukiwauliza vizuri wanachoka wakisimama. Kichwa chepesi, moyo unadunda, jasho, ukungu kichwani, wakilala inapungua. Virusi vinaweza kuvuruga zile neva zinazopanga mapigo na presha bila we kufikiria. Kipimo hiki unaweza kukifanya chumbani ila mtu awepo karibu yako.

Lala chali kimya dakika 10 hivi, hesabu mapigo kwa dakika nzima, andika. Kisha simama, egemea ukuta kwa mgongo, visigino vikae mbele ya ukuta kama sentimita 15 mpaka 20, usiongee wala kuchezesha miguu. Hesabu mapigo kila dakika mpaka dakika ya 10. Ukihisi kuzimia kaa chini hapohapo, kipimo kimeisha na jibu umeshalipata. Kama mapigo yamepanda 30 au zaidi kwa dakika na yakabaki juu, au 40 na zaidi kama una miaka 19 kushuka chini, peleka hayo maandishi kwa daktari, mwambie unashuku POTS (hali ya mapigo kupanda kupita kiasi ukisimama), wakupime na presha pia. Rudia siku nyingine asubuhi, kipimo kimoja sio hukumu, na kama ulikuwa hujanywa maji au una homa basi usikihesabu.

Hatua ya 5: Ukienda kwa daktari

Mwanachuo akiingia kliniki akasema "nachoka sana" anaondoka na vitamini. Mi nilipewa dawa za minyoo mara mbili, sicheki, naeleza tu kwamba daktari ana dakika chache na neno "nachoka" linabeba magonjwa mia. Sema hivi badala yake: "Nilikuwa mzima mpaka tarehe fulani. Nikaugua hivi na hivi. Tangu hapo nikifanya kitu fulani, baada ya siku mbili nashindwa kutoka kitandani kwa siku kadhaa. Zamani nilikuwa naweza hiki, sasa siwezi." Mpe ukurasa mmoja wa muhtasari, sio daftari zima.

Omba waangalie vitu vingine vinavyofanana na hali hii na vina tiba: picha nzima ya damu, akiba ya madini ya chuma (hii waambie feritini, maana hemoglobini inaweza kuwa nzuri huku akiba imeisha, hasa kwa wadada wanaotoka hedhi nzito), tezi ya shingo (ile ya thairoidi), sukari, ini, figo, vitamini B12, kipimo cha HIV, kipimo cha mimba kama kuna uwezekano, malaria kama upo penye malaria, na kama kikohozi kimevuka wiki mbili au unatoka jasho usiku na kukonda wapime kifua kikuu. Kama moyo unakusumbua omba ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo.

Majibu yakirudi safi, na mara nyingi yanarudi safi, usikubali tafsiri ya kwamba huna kitu. Maana yake ni kwamba yale mengine yameondolewa mezani.

Antibayotiki haziui virusi. Na kuna kosa linalojirudia sana, mtu ana mono koo limejaa utando mweupe, anajinunulia amoksilini akidhani ni tonsili, siku chache mwili mzima unatoka vipele, anadhani ana aleji ya maisha kumbe ni mono na ile dawa zimekutana. Usijinunulie.

Daktari anaweza kukuuliza kuhusu sonona, usikasirike, ni swali halali, na yote mawili yanaweza kuwepo pamoja na sonona inatibika. Njia moja inayonisaidia kueleza tofauti: muulize mtu "ungeamka kesho una nguvu zote ungefanya nini?" Mwenye sonona nzito mara nyingi anakosa jibu, hamu yenyewe imekufa. Mwenye mabaki ya virusi anakutajia vitu kumi kwa pumzi moja, hamu ipo, mwili ndio haumbebi.

Hatua ya 6: Kuishi ndani ya chaji yako

Hapa ndio moyo wa mwongozo na nitakaa kidogo.

Ushauri wa zamani ulikuwa jilazimishe, ongeza mazoezi kila wiki hata kama unaumia, mwili utazoea. NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba kule Uingereza, Oktoba 2021 iliuondoa ushauri huo wa kupandisha mazoezi kwa ratiba isiyosikiliza mwili kwa wagonjwa wa ME/CFS. Kwa hiyo ukikutana na mtu anakwambia "komaa tu", hata awe kocha, hata awe daktari wa siku nyingi, mwambie kwa heshima kwamba ukikomaa unaanguka na una daftari la kuonyesha.

Namna ya kufanya. Chukua kile unachodhani unaweza leo, fanya nusu yake, au ukizidisha sana theluthi mbili. Inauma, najua, hasa siku nzuri. Siku nzuri ndio siku ya hatari kuliko zote, kwa sababu unataka kulipia madeni ya wiki nzima, ufue, usome, umuone mtu, na hapo ndipo unajichimbia shimo la wiki ijayo. Ukiamka 7 ishi kama uliyeamka 5.

Kata kazi vipande. Kufua: leo loweka na ufue tano, ukiwa umekaa, kesho tano. Kuoga: kaa kwenye kigoda, maji ya vuguvugu sio ya moto, nywele siku nyingine. Chochote kinachokaa na mikono juu ya mabega kinakula chaji kuliko unavyodhani, ndio maana kitana kilinishinda mimi. Begi punguza, beba daftari moja. Ngazi panda mara moja kwa siku, panga vitu vyako kwa ajili ya hiyo mara moja.

Pumzika kabla hujachoka. Hili watu wanalisikia wanaitikia kisha hawafanyi. Kila baada ya kipande cha kazi lala chali dakika 10 mpaka 15, macho yamefungwa, simu iko mbali, hakuna muziki. Kulala huku una-skrolo sio kupumzika, akili iko kazini. Hosteli yenye kelele tafuta vizibo vya masikio na kitambaa cha kufunika macho, nenda maktaba kona ya mwisho, nenda nyumba ya ibada mchana ikiwa tupu, popote penye utulivu.

Wapo wanaotumia mapigo ya moyo kama breki: unachukua mapigo yako ya asubuhi kitandani, unaongeza 15, ukivuka hapo unapunguza mwendo au unakaa. Ukiwa na saa inayopima ni rahisi, usipokuwa nayo vidole viwili shingoni vinatosha.

Na ukishaanguka? Usitafute sababu siku hiyo, usifanye toba. Lala, maji, giza, futa kila kitu cha saa 48, tuma meseji moja iliyoandikwa tayari kwa watu wa grupu lako ("nimezidiwa, narudi Alhamisi, sehemu yangu nimeacha kwa fulani"). Iandike leo ukiwa na akili, kwa sababu siku ya kuanguka hata kutunga meseji ni mlima.

Hatua ya 7: Kusoma ukiwa na ukungu kichwani

Ukungu huu sio usahaulifu wa kawaida. Unaanza sentensi unasahau ulikuwa unaelekea wapi, unalitafuta jina la kitu unachokijua tangu utoto, unasoma mstari na macho yanafika mwisho lakini hakuna kilichoingia. Usiongeze masaa ya kusoma, unapunguza kilichobaki.

Tafuta saa yako nzuri, daftari litakuonyesha, wengine saa nne asubuhi, wengine jioni, na hiyo saa uipe kozi ngumu kuliko zote, sio meseji. Soma dakika 20, simamisha hata kama bado unaweza, lala dakika 10, rudi. Mizunguko miwili kwa siku ikikutosha basi ni miwili. Soma kwa masikio pale macho yanapochoka: omba ruhusa ya kurekodi lekcha, au mwambie rafiki akusomee noti na arekodi. Andika kila kitu, usiuamini ubongo kukumbuka tarehe ya asaimenti kipindi hiki. Na kozi, chagua zipi unaziokoa semista hii. Kushika kozi nne vizuri ni bora kuliko kugusa saba na kusapu zote.

Hatua ya 8: Ongea na chuo mapema

Wengi wanaenda ofisini baada ya kufeli, wakati mlango umeshafungwa nusu. Nenda wiki unayoona hali haisogei, na nenda na karatasi. Nchini Marekani tangu Julai 2021 serikali ilishatoa mwongozo kwamba korona ya muda mrefu inaweza kuhesabika kama ulemavu kisheria, kwa hiyo vyuo vinapaswa kumrekebishia mwanafunzi mazingira. Kwingineko soma kanuni za mitihani za chuo chako, tafuta sehemu ya ugonjwa, kuahirisha na mahitaji maalumu, isome wewe mwenyewe usitegemee kuambiwa dirishani.

Barua iwe fupi na iombe vitu vinavyoshikika, kama hivi:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Tangu niugue mwezi wa tatu nashindwa kukaa darasani zaidi ya dakika 40 bila kuzidiwa, na nikizidiwa napoteza siku 2 hadi 3. Naambatisha cheti cha daktari. Naomba: nisipewe mitihani miwili siku moja, niruhusiwe kupumzika kidogo katikati ya mtihani na muda huo ufidiwe, nirekodi mihadhara, niwasilishe asaimenti siku 5 baadaye pale ninapozidiwa, na nihamishiwe chumba cha chini."

Unaona? Hakuna "naomba mnifikirie". Weka nakala, pigisha muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu kuahirisha semista au mwaka. Mi niliahirisha semista moja na niliichelewesha kwa aibu, nikaingia mitihani nikiwa 3 kwenye daftari, nikafeli kozi tatu, ndio nikaahirisha. Ningeahirisha kwanza. Kabla hujasaini uliza kwa maandishi: mkopo au ufadhili unaendeleaje, ada iliyolipwa inahamia, chumba kinabaki, unarudi mwezi gani, na matokeo ya nusu yanatunzwa. Na ukienda nyumbani mwambie mzazi ukweli kabla ya kufika, vinginevyo atakupangia kazi za mtu aliyekuja likizo.

Hatua ya 9: Vitu vidogo vinavyosaidia

Usingizi: amka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, usingizi wa mchana uwe mfupi. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vinakukopesha chaji ambayo huna, na riba yake ni keshokutwa. Pombe wengi wenye hali hii haiwakubali tena kabisa, acha. Maji lita 2 mpaka 3 kwa siku kama figo na moyo ni wazima, na chumvi ya kuongeza ni kwa mwenye tatizo la kusimama ambaye daktari amemruhusu, mwenye presha ya kupanda asiguse ushauri huu. Soksi za kubana zinasaidia wanaozidiwa wakisimama.

Kama pua imepoteza harufu, kuna zoezi ambalo madaktari wa pua walilijaribu Ujerumani tangu 2009: harufu nne, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, unanusa kila moja sekunde 20 hivi huku unaikumbuka kwa akili, asubuhi na jioni, angalau wiki 12. Linaboa na linachelewa, endelea. Ukipika kwa gesi muombe mwenzako awe ananusa kabla ya kuwasha.

Dawa za mitishamba, dripu za "kusafisha damu", vidonge vya elfu na elfu mtandaoni, hela yako itunze.

Hatua ya 10: Kurudi kwenye mwendo na michezo

Mono: hakuna mpira, hakuna mieleka, hakuna kunyanyua vyuma angalau wiki 3 mpaka 4 tangu dalili zianze, bandama ikivimba inaweza kupasuka kwa kugongwa, na daktari akuruhusu kwanza. Kama ulikuwa na maumivu ya kifua na wakakuta misuli ya moyo imevimba, michezo ni baada ya miezi 3 mpaka 6 na vipimo vya kurudia, hapa hakuna ujanja, vijana wanaanguka uwanjani kwa hili.

Wengine wote: usianze mpaka upate wiki mbili kamili kwenye daftari bila kuanguka. Ukizipata, ongeza kitu kimoja tu. Mi nilianza na dakika 5 za kutembea tambarare, siku moja ndio siku moja hapana. Halafu nasubiri keshokutwa. Keshokutwa nikiamka alama ileile, nabaki na dakika 5 wiki nzima kisha naenda 7. Nikishuka, narudi 3, sijilaumu. Mwenye tatizo la kusimama anaanza amelala au amekaa, kunyoosha miguu kitandani nako ni mwanzo.

Mwezi wa kumi na moja tangu niugue, Jumamosi, nilichukua ndoo moja, nusu maji, nikapanda mpaka ghorofa ya kwanza nikaiweka chini nikakaa ngazini, nikapanda ya pili nikakaa, nikafika ya tatu. Nikafua mashati mawili. Jumatatu niliandika 7.

Sio wote wanarudi kwa mwendo huo, wapo niliowajua wakarudi kwa miezi minne na wapo ambao mwaka wa pili bado wanapima ngazi, na hao ndio nawaomba wasiachwe na marafiki, nenda ukakae nao dakika 15 kimya, usidai stori, bebea maji. Na ukiugua tena mafua au korona ukiwa njiani kurudi, futa mipango yote, rudi hatua ya 3 na daftari jipya, na ongeza wiki mbili za kupumzika juu ya zile unazoona zinatosha.